Chumba Kisicho na Moshi

"Moshi hukutoa nje, kaa jekundu hukulaza ndani." Ndivyo nilivyosema, na mnaocheka chekeni mmalize. Obadia, hilo jiko liache hapo hapo uani. Ati, "Shangazi, halina moshi hata chembe, tulisogeze sebuleni tuchome huku tumekaa kwenye makochi." Nimekusikia tangu mara ya kwanza. Kwamba halina moshi, hiyo ndiyo sababu ninalikataa. Manyunyu ya Njombe hayajamuua mtu. Vaa koti.

Mnauliza methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hamkuisoma. Shuleni hawanayo. Ni ya hapa hapa kwetu, ina watu wake na ina siku yake. Geuzeni nyama zisiungue, halafu mkae mnisikilize, na atakayeshika simu nitamnyima mbavu. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mjane mmoja akiitwa Tulalumba. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Lutengano, na sauti ya watu sita. Akiita kuku wake, mbwa wa mtaa wa pili wanaitika. Mwaka ambao kengele ya kanisa ilipasuka, watu walisema mchungaji asihangaike kununua nyingine, amwajiri Tulalumba. Alikuwa anajijua. Alisema, "Mdomo wangu mbaya, lakini hakuna aliyewahi kutumbukia shimoni nikiwa namwona." Na kweli. Ukipita na ndoo iliyotoboka, atakupigia kelele. Mtoto wako akipanda juu ya bati, wewe uliye kazini utasikia.

Lutengano alikuwa mchoma nyama, nyuma ya kilabu cha pombe karibu na mnada wa ng'ombe. Alioa binti wa watu kutoka Makete, Vaileti, mpole, mwenye kicheko cha chini chini. Mama mkwe na mkwewe walipatana kwa namna yao: mmoja anasema, mwingine anatabasamu na kuendelea na kazi. Tulalumba alimpenda yule binti kuliko alivyojua kumwonyesha. Alipotaka kumwambia "umechoka, pumzika," kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Ala! Wewe ni punda? Weka hiyo ndoo chini!"

Sasa, kwetu zamani mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hakukaa kwenye nyumba kubwa. Alikaa jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake, kuta za udongo, paa la nyasi, mafiga matatu katikati. Mzazi na kichanga chake wanalala humo humo kwenye joto mpaka siku arobaini ziishe. Moshi ulikuwa haukamatiki. Unapanda, unapenya kwenye nyasi, ukizidi mnatoka nje kufuta macho, mnarudi. Wazee wetu wote walilelewa na moto huo.

Vaileti alizaa mara mbili na mara mbili akazika. Wa kwanza alikaa miezi mitatu, wa pili hakumaliza hata miwili. Wote walikufa kwa kifua. Walikohoa mpaka sauti ikaisha. Baada ya yule wa pili, nesi wa zahanati alimwita Lutengano pembeni akamwambia, "Baba, mtoto mchanga na moshi havikai pamoja. Mkipata mwingine, asilelewe kwenye moshi."

Nesi alisema kweli, na nisije nikasikia mtu anamlaumu. Lakini katika maneno yote ya siku ile, Lutengano alibeba neno moja tu: moshi. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Mchoma nyama yule, ambaye shati lake lilinuka moshi hata likifuliwa mara tatu, akaanza kuuchukia moshi kama mtu aliyeua watoto wake. Kwake yeye, ndivyo ulivyokuwa.

Akaanza kutafuta namna ya kuwasha mkaa usifuke. Aliacha mafuta ya taa. Aliacha kuchochea na mifuko ya nailoni kama mnavyofanya nyie, mnatulisha nyama yenye harufu ya viatu. Alinunua mkaa wa miti migumu, akauanika juani hata kama muuzaji ameapa kuwa ni mkavu. Akauchekecha, vumbi akatupa, na vile vipande vyenye rangi ya kahawia ambavyo havikuiva kwenye tanuru akavitoa kimoja kimoja. Kisha akachukua debe tupu la mafuta ya kupikia, akalikata juu, akalitoboa matundu chini na ubavuni kwa msumari. Chini aliweka magunzi makavu na karatasi kidogo, juu yake mkaa, akawasha kwa chini. Hewa ikawa inapanda yenyewe ndani ya debe. Moshi ulitoka kidogo mwanzoni, kisha ukakata. Hakupuliza wala hakupepea. Alisubiri mpaka kila kaa livae jivu jeupe juu na liwe jekundu ndani, ndipo akalimimina jikoni na kuweka nyama.

Watu walikuja kutazama, hivi hivi bila hata njaa. Walevi wa kilabuni, ambao zamani walikula huku wakilia machozi, walimpa jina la Fundi Moshi. Vaileti alikuja siku moja, akasimama karibu na jiko linalowaka, akavuta pumzi ndefu, hakukohoa. Akacheka kile kicheko chake. Alikuwa na mimba ya tatu.

Lutengano akajenga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, bati juu, dari ya mbao, dirisha la kioo. Alisiliba kila ufa kwa mkono wake, maana alisema baridi ya Julai haitamkuta mtoto wake. Ilikuwa nyumba nzuri, sitasema uongo. Tulalumba mwenyewe alizunguka akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, akitafuta kosa, akakosa.

Mtoto alizaliwa mwisho wa Juni, wa kike, analia kwa nguvu. Tulalumba akafagia jikoni, akatandika ngozi, akakoka moto, akaenda kumchukua mzazi. Akamkuta mwanawe amesimama mlangoni.

"Huyu hatakaa jikoni, mama."

"Atakaa wapi? Juu ya mti?"

"Atakaa humu. Sitaki moshi."

Walivutana wiki mbili. Kwa siku hizo mzazi alijifunika mablanketi matatu, na mtoto akalala kifuani kwa mama yake. Ikafika Jumamosi moja ya Julai, asubuhi yake nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, maji kwenye ndoo yameganda juu. Ukungu ulishuka ukagoma kuondoka. Vidole vya mtoto vilikuwa vya baridi. Lutengano akawasha debe lake uani. Akasubiri, mwacheni apewe haki yake, akasubiri mpaka hakuna moshi hata wa kusingiziwa. Makaa yaliiva vizuri siku ile kuliko siku zote. Akayamimina kwenye jiko la bati, akalibeba kwa vitambaa, akaliingiza chumbani kwa mzazi, akaliweka karibu na kitanda.

Tulalumba alikuwa anamenya viazi. Akatupa kisu.

"Lutengano! Moto wa kufungiwa ndani tangu lini? Moto unataka pa kutokea!"

"Moto au moshi, mama?"

"Vyote ni vimoja!"

"Basi nionyeshe moshi." Akamshika mkono mama yake, akamwingiza chumbani. "Tazama juu. Tazama kwenye dari. Nusa. Uko wapi?"

Tulalumba akatazama. Akanusa. Joto zuri lilikuwa limeanza kujaa, na Vaileti kitandani alikuwa amekunjua miguu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Moyo wake ulikataa, lakini macho na pua havikumpa ushahidi. Hebu fikirini, mtu mwenye maneno kama yule kukosa neno!

"Mimi sijui," alisema mwishowe. "Fungua basi dirisha."

"Nifungue dirisha, nimeleta moto wa nini?"

"Lutengano, mimi nakwambia..."

"Mama!" Hapo sauti yake ilipanda, naye hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Wawili wamekufa jikoni kwako. Kwenye moshi wako. Huyu niachie. Mwenzio hajalala usiku wa tatu leo. Leo moja tu, nakuomba, nyamaza. Nyamaza kabisa, mwache alale."

Neno "jikoni kwako" lilimchoma yule mama pabaya. Alitoka, akaokota kisu chake, akaenda kukaa kwenye kibanda chake cha moshi. Lutengano alifunga dirisha, akasokomeza kipande cha blanketi chini ya mlango, akaenda kilabuni, kwani Jumamosi ni siku ya mnada na wateja walikuwa wengi.

Saa sita hivi mchana Tulalumba alipeleka uji. Alisukuma mlango taratibu, tena kwa bega, kwa sababu ya lile blanketi. Chumba kilikuwa cha joto na kimya. Vaileti amelala chali, mashavu mekundu, midomo imeiva kama ya binti mwenye afya. Tulalumba alisimama akamtazama. Alijisemea moyoni, kumbe mtoto wangu ana akili kuliko mimi. Hajawahi kumwona mkwewe amelala vizuri namna ile.

Kichanga ndicho kilicholia. Hakikulia kwa nguvu zake za siku zote, kilitoa sauti nyembamba, kama ya mtoto wa paka, halafu kikanyamaza, halafu tena. Siku nyingine yoyote Tulalumba angefoka: "Vaileti! Mama wee! Mtoto analia nawe unakoroma?" Angemtikisa bega. Angeamsha na jirani. Lakini alikuwa ameambiwa anyamaze, na mara moja katika maisha yake aliamua kutii. Aliweka uji chini. Alimchukua mtoto polepole kutoka kwenye mkono wa mama yake, akamfunika khanga, akatoka kwa ncha za vidole. Na mlango akaurudishia, ndiyo, na lile blanketi akalisukuma kwa mguu likakaa kama alivyolikuta, joto lisitoke.

Nje mtoto alitapika. Alikuwa amelegea, kichwa hakikai. Tulalumba mwenyewe aliona ukungu unazunguka, kichwa kinamgonga, akadhani ni uzee. Alikaa na mtoto mlangoni pa kibanda chake kwenye baridi, akimpepea, akimpuliza usoni, na baada ya muda mrefu mtoto akavuta hewa akalia kilio cha kweli. Loo, yule bibi alifurahi! Alimrusharusha, akamwimbia, akamwambia, "Lia, mama. Lia nikusikie." Alimwacha Vaileti alale. Alimwacha saa nzima na zaidi, kwa upendo.

Alirudi chumbani kutafuta nguo kavu ya mtoto. Uji ulikuwa umeganda utando juu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe, mtoto anataka kunyonya." Akamgusa mguu.

Siku ile watu wa mnadani, mbali kule, waliacha kuuza. Waliisikia sauti wakajua ni nani, na wakajua siyo kuku wanaoitwa. Lutengano alikimbia na koleo mkononi. Walimkuta Tulalumba amemburuta Vaileti mpaka ukumbini, amempakata kichwa, anamwita kwa majina yote. Vaileti hakuitika. Hakuitika tena.

Lutengano aliingia chumbani, akatazama dari. Akatazama kuta. Makaa yalikuwa yamekaa kwenye jiko, mekundu, tulivu, yamevaa jivu lake vizuri. Akatoka akasema, kama mtu asiyejua anachosema, "Lakini hakuna moshi. Jamani, njooni mwone, hakuna moshi."

Watu ni watu. Kabla jua halijatua, walikuwa na jawabu lao. Nani aliyeingia mle ndani? Tulalumba. Nani aliyetoka na mtoto akamwacha mama? Tulalumba. Na nani aliyegombana na mwanawe asubuhi hiyo hiyo, majirani wakisikia? Neno uchawi halikutamkwa, lilipita tu machoni. Na Lutengano, uchungu ulivyo, alilishika. Alisimama mbele ya mama yake kwenye msiba, watu wote wapo.

"Uliingia, mama?"

"Niliingia."

"Ukamwona?"

"Nilimwona."

"Ukachukua mtoto, ukamwacha yeye? Wewe, ambaye huwezi kuona nzi kwenye chai ya mtu ukanyamaza! Hukumwita hata mara moja?"

Tulalumba alikuwa ameshika kile kichanga. Alijibu kwa sauti ndogo mpaka waliokuwa nyuma walisogea wasikie.

"Wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze, baba."

Lutengano alikaa chini palepale, kwenye majani yenye umande, akajifunika uso kwa mikono yake yenye masizi.

Kesho yake alikuja mganga wa zahanati. Aliingia kile chumba, akagonga kuta, akatazama dirisha, akaliona blanketi chini ya mlango. Aliwaita wote akawaambia: mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haionekani na hainuki. Inakuja na usingizi na kichwa kuuma, basi. Ukiondoa moshi, hujaiondoa. "Mtoto amepona kwa sababu alilia akatolewa," alisema. "Na wewe bibi, ungekaa kuongea mle ndani, leo tungekuwa na makaburi mawili." Yule Tulalumba hakufarijika. Kuambiwa si mchawi hakumrudishi mtu.

Siku ya kuanua tanga, kama ilivyo desturi, mkubwa wa nyumba alitakiwa aseme neno. Wote waligeuka kumtazama Lutengano. Lakini aliyesimama ni Tulalumba. Watu walijiandaa kwa sauti yake. Haikuja. Alisema tu:

"Miaka yote mmenilalamikia kama mnavyoulalamikia moshi. Nawatoa machozi, nawatoa ndani mwenu. Sawa. Lakini moshi hukutoa nje, jamani. Kaa jekundu hukulaza ndani."

Akakaa. Ndiyo hiyo methali yenu. Tangu hapo hapa kwetu mtu akimchoka anayemgombeza, akamkimbilia anayemwambia maneno matamu, ataambiwa hivyo. Binti akisema mchumba wangu hajawahi kunikosoa hata siku moja, ataambiwa hivyo. Wengi wanaoitumia hawajui kwamba kulikuwa na kaa la kweli, na kitanda cha kweli.

Lutengano hakuoa tena. Aliendelea kuchoma nyama, angefanya nini? Na debe lake hakulitupa. Debe halikuwa na kosa. Uani, mahali pa wazi, ndiyo njia bora ya kuwasha mkaa, na ndilo hilo mnalolitumia sasa hivi bila kujua limetoka kwa nani. Ila kila alipomaliza kumimina makaa, aliokota kipande kimoja kibichi, akakiweka pembeni mwa jiko makusudi kifuke. Wateja walilalamika. "Fundi Moshi, umezeeka? Tunakohoa!" Naye aliwajibu bila kuinua macho, "Kohoeni. Anayekohoa yu hai."

Yule mtoto alilelewa na bibi yake, kwenye kibanda cha nyasi, mlango wazi, moto mchana tu. Bibi alimwita Atupele. Ndiyo, Obadia, funga mdomo, nzi wataingia. Ndiye huyu huyu anayepita usiku kufungua madirisha mliyoyafunga, mkanung'unika chini ya mablanketi kwamba shangazi ana roho mbaya, shangazi anatugandisha. Nawasikia. Nung'unikeni. Nikiwasikia mnanung'unika ndipo naenda kulala.

Haya, nyama imeiva. Obadia, mwanangu, wewe uliyetaka kulibeba jiko ndani, hebu sema wewe.

"Moshi hukutoa nje, Shangazi," alisema Obadia, akilisogeza lile jiko hatua mbili zaidi mbali na mlango. "Kaa jekundu hukulaza ndani."